MKAIDI NI NANI? KITENZI KIMOJA CHA KIINGEREZA NA FASIRI ZAKE ZA KIJERUMANI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kabla sijafika mbali, nawaomba radhi walimu wa Kiswahili kwa kuleta neno la Kiingereza pamoja na maneno ya Kijerumani katika jarida la chama chetu. Sikuwa na budi. Neno lenyewe ndilo lililonitia taabani, mwangaza nikaupata katika darasa la Kijerumani, na mwisho wa safari nimerudi nyumbani kwa Kiswahili. Mkinisoma hadi tamati mtanisamehe, au basi mtanipinga katika toleo lijalo, na hiyo ni haki yenu.

Neno lenyewe ni kitenzi "defy". Wengi wetu tunalijua. Ukimuuliza mwanafunzi yeyote maana yake atakwambia bila kufikiri, "Ni kukaidi." Mimi pia nilikuwa nikijibu hivyo. Leo nashikilia kwamba jibu hilo ni la haraka mno, na kwamba haraka hiyo inaweza kumponza mtu.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Mwaka uliopita, nikiwa Kidato cha Pili, niliandikiwa barua ya kupeleka nyumbani. Ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa chapa na kutiwa muhuri. Ilikuwa fupi, na kiini chake kilikuwa sentensi moja tu, kwamba binti huyu siku ya Ijumaa "defied" mwalimu wa zamu. Hakukuwa na maelezo mengine. Mzazi alitakiwa aisome, atie sahihi, nami niirudishe Jumatatu.

Mimi naishi na nyanya yangu. Nyanya anauza mboga, na Kiswahili anakisoma sawasawa, hata miwani hahitaji. Kiingereza lakini hakijui. Nikamkuta kibandani akikata sukuma wiki. Akapangusa mikono, akaichukua ile barua, akaigeuza huku na huku, kisha akanirudishia na kusema, "Haya, nisomee kwa lugha ya watu."

Hapo ndipo shetani alipoketi kando yangu. Nilijua neno lililokuwa limeandikwa. Nilijua pia kwamba nikitamka "mkaidi" mbele ya nyanya, hatauliza swali la pili, kwa sababu kwake yeye mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Basi nikasema, "Nyanya, wanasema nilichelewa kumaliza usafi."

Akanitazama. Akaitazama barua. "Usafi ndio umepigiwa muhuri hivi?" Nikanyamaza. Akachukua kalamu, akatia sahihi polepole kama anavyofanya siku zote, akaendelea kukata mboga zake. Wasomaji wangu, nilimfanya nyanya atie sahihi jambo asilolijua. Nilikuwa mkalimani, na mkalimani ni mtu anayeaminiwa na pande mbili. Siku hiyo niliziangusha zote mbili.

Wiki chache baadaye tukiwa katika somo la Kijerumani, sisi wachache tunaolisoma, mwalimu aliandika ubaoni sentensi kadhaa za Kiingereza zenye kitenzi hicho hicho. Moyo ukanidunda paa! Nikadhani amesikia habari zangu. Kumbe hakuwa na habari, ilikuwa ni zoezi la kutafsiri tu. Tukaambiwa tufungue kamusi na kila sentensi tuipe kitenzi chake cha Kijerumani. Nilidhani nitapata neno moja nilibandike kila mahali kama stempu. La hasha! Nilikuta kundi zima la maneno, na hakuna moja linaloweza kukaa mahali pa jingine bila kuleta kizaazaa. Hebu tuyatazame.

La kwanza ni "trotzen". Mjerumani akisema nyumba inaitrotzen dhoruba, ana maana kwamba dhoruba imevuma na nyumba imesimama. Hapo hakuna lawama, ni sifa. Kwa Kiswahili tungesema nyumba imestahimili. Lakini akisema mtoto ana-trotzen, picha inageuka kabisa. Sasa ni mtoto wa miaka miwili au mitatu aliyejitupa chini, anapiga miguu, hataki kuvaa viatu. Wajerumani wana hata jina la umri huo, "Trotzphase", yaani kipindi cha ukaidi, na mtu mwenye kichwa kigumu humwita "Trotzkopf". Kuna riwaya mashuhuri yenye jina hilo iliyoandikwa na Emmy von Rhoden na kutolewa mwaka wa 1885, inayosimulia habari za msichana mkaidi anayepelekwa shule ya bweni ili anyooshwe. Kwa hiyo kitenzi kimoja kinabeba nyumba shujaa na mtoto mtundu! Tena kutokana na neno hilo wamepata neno dogo "trotz" lenye maana ya "licha ya". Wanaposema "trotz" ya mvua tulikwenda shule, ni kama wanasema tuliikaidi mvua.

Jambo jingine lililonifurahisha ni la sarufi. Kitenzi "trotzen" huhitaji mtendwa wake akae katika hali iitwayo Dativ, ambayo aghalabu ni ya mtu anayepewa kitu. Sasa sikilizeni kioja: kitenzi cha kutii, "gehorchen", nacho huhitaji Dativ hiyo hiyo. Anayetii na anayekaidi wote wawili wanamkabili mtu yule yule, na kila mmoja anampa kitu, mmoja utiifu na mwingine upinzani. Mtu usiyemtambua kabisa huna cha kumpa.

La pili ni "sich widersetzen". Hapo "wider" ni dhidi, "setzen" ni kuweka, na "sich" ni kama kirejeshi chetu cha "-ji-". Ukiyaunganisha unapata kujiweka dhidi ya kitu. Hili ndilo hutumika kwa mtu aliyepewa amri akakataa kuifuata. Si la mtoto wa kupiga miguu. Ni la mtu mzima aliyechagua pa kusimama.

La tatu ni "herausfordern". "Heraus" ni nje, "fordern" ni kudai. Ni kumdai mtu atoke nje. Wanafunzi wenzangu mnalijua vizuri hili, si mara moja tumewasikia wavulana wakiambiana, "Kama wewe ni mwanamume, toka nje!" Mwingereza anapomwambia mwenziwe ana-"defy" mtu yeyote athibitishe jambo fulani, hakuna ukaidi hapo, ni changamoto tu.

La nne ni "missachten". "Achten" ni kujali au kuheshimu, na "miss" huharibu kinachofuata. Basi ni kutojali, kupuuza. Mtu wa "missachten" hajasimama mahali popote. Amepita tu kana kwamba sheria haipo. Katika Kiswahili tunaye ndugu yake wa karibu, "kukiuka", ambaye asili yake ni kuruka juu ya kitu.

Zaidi ya hayo kuna misemo. Wajerumani husema kumtolea mtu paji la uso, "die Stirn bieten", kwa maana ya kumkabili bila kuinamisha kichwa. Na pale Mwingereza anaposema jambo lina-"defy" maelezo, Mjerumani husema linadhihaki kila maelezo. Sisi je? Sisi hatuhitaji dhihaka wala vita. Twachukua kitenzi, twakitia kiambishi kidogo tu, twasema "haielezeki". Nilipoliona hilo nilijivunia lugha yangu mbele ya darasa zima.

Sasa basi, kama Kijerumani kina vitenzi vyote hivyo, ni kipi kilichofaa katika barua yangu? Mwandishi wa barua hakusema. Alichagua neno la Kiingereza lililo pana kama nyavu ya wavuvi, akaniachia mimi, mshtakiwa, nichague samaki. Nani amewahi kusikia mshtakiwa akipewa kazi ya kujiandikia mashtaka?

Nilitaka kujua asili ya neno hili. Limeingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililitoa katika Kilatini. Ndani yake mna neno "fidus", yaani mwaminifu, na mbele yake kiambishi cha kukanusha. Zamani za mashujaa wa kupanda farasi, askari alikuwa ameapa kumtii bwana wake. Akitaka kumwacha alitangaza kwamba kiapo kimekwisha na tangu leo wao ni maadui. Huko ndiko kulikokuwa ku-"defy". Maana yake ya kwanza basi ni kuvunja uaminifu ulioapwa, tena kwa kutangaza.

Naomba msomaji akae na maana hiyo kidogo, kwa sababu inazua swali zito. Mtu ambaye hakuapa, anaweza kuvunja kiapo gani? Tuchukue mfano ulio karibu, pale Kijerumani kilipokutana na Afrika Mashariki kwa risasi. Mwaka wa 1905 watu wa Nandete katika milima ya Matumbi, kusini mwa Tanganyika, waling'oa pamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima. Moto ukaenea hadi mwaka wa 1907. Vitabu vya Kijerumani huita tukio hilo "Aufstand", yaani kusimama juu, kuinuka. Vya Kiingereza huliita kwa neno lenye maana ya uasi. Kiswahili je? Sisi twasema Vita vya Maji Maji. Hatusemi uasi, kwa sababu mwasi ni lazima awe na bwana halali aliyemwasi. Vivyo hivyo Mkwawa wa Wahehe. Majeshi yake yalipowashinda Wajerumani huko Lugalo mwaka wa 1891, yeye hakuwa amewaapia utii wowote. Mtu akimwita mkaidi, hana budi kwanza kutuambia ni nani aliyempa Mjerumani ubwana juu ya Uhehe.

Huko Ujerumani kwenyewe mambo ni hayo hayo. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1521 mtawa mmoja, Martin Luther, aliitwa mbele ya Kaizari Karl wa Tano katika mji wa Worms ulio kando ya mto Rhine. Alitakiwa akane maandishi yake. Kukana ni "widerrufen", kuita tena nyuma, nalo lina "wider" ile ile tuliyoiona. Akaomba siku moja ya kufikiri, akapewa. Kesho yake akakataa. Baadaye alifichwa katika ngome ya Wartburg, na humo alilitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likachapishwa mwaka wa 1522. Wengine walimwita mkaidi, wengine shujaa, hadi leo. Lakini ajabu ni kwamba mwaka wa 1525, wakulima walipoinuka dhidi ya mabwana zao, Luther huyo huyo aliandika kwa ukali mno akiwalaani. Aliyekuwa amemkatalia Kaizari alikuwa sasa hataki kusikia wengine wakikataa. Naona neno hili hutegemea umeketi kiti gani unapolitamka.

Hapa nitawasikia wengine wakinong'ona: "Huyu anatafuta njia ya kuhalalisha utundu. Kesho kila atakayetoroka shule atasema yeye ni Luther." Hoja hiyo ina uzito na sitaikwepa. Ndiyo maana nasema tusiishie kwenye maneno, twahitaji kipimo. Mimi nimekipata katika tukio la Afrika Kusini la mwaka wa 1952 ambalo kwa Kiingereza limebeba jina la kitenzi chetu, "Defiance Campaign".

Lilianza tarehe 26 Juni mwaka huo. Wanachama wa African National Congress pamoja na wenzao wa chama cha Wahindi wa Afrika Kusini waliamua kuzivunja sheria za ubaguzi. Nelson Mandela ndiye aliyekuwa kiongozi wa waliojitolea. Watu hao waliingia katika milango iliyotengewa Wazungu, wakatembea usiku bila vipande, wakakamatwa. Zaidi ya watu 8,000 walitiwa ndani. Lakini tazameni walivyofanya. Kwanza, kabla ya kuanza, waliiandikia serikali barua wakitaka sheria hizo ziondolewe. Walikataliwa ndipo wakaanza. Pili, walifanya mchana kweupe, na askari walijua. Tatu, walipokamatwa hawakukimbia, walikubali kwenda jela.

Sasa mpeni mtafsiri jina la tukio hilo. Akiandika kwa Kijerumani kwa kitenzi cha "missachten" atakuwa amesema kweli nusu, kwa sababu sheria zilivunjwa, lakini watu wale hawakuzipuuza. Walizijali sana, hata wakaenda jela kwa ajili yake. Akitumia "trotzen" msomaji anaweza kumwona mtoto anayepiga miguu. Mimi ningechagua "sich widersetzen". Na kwa Kiswahili? Nani ataandika "Kampeni ya Ukaidi" asione haya? Ningeandika Kampeni ya Kukataa Sheria Dhalimu. Ni ndefu, lakini inasema kilichotendeka.

Kwa hiyo kipimo changu kina maswali matatu. Je, alisema kwanza kabla ya kuvunja? Je, alifanya kwa wazi? Je, alikuwa tayari kulipa? Najua swali la pili lina kasoro. Mwaka wa 1942 na 1943 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Munich waliojiita Weiße Rose, yaani Waridi Jeupe, walichapisha kwa siri karatasi za kumpinga Hitler. Sophie Scholl na kakake Hans walikamatwa tarehe 18 Februari 1943 wakizisambaza chuoni, na siku nne baadaye wakauawa pamoja na mwenzao Christoph Probst. Sophie alikuwa na umri wa miaka 21. Mahakama iliwaita wahaini. Leo shule nyingi za Ujerumani zimepewa jina la ndugu hao wawili, na tendo lao huitwa "Widerstand", kusimama dhidi. Wao walijificha kwa sababu kusema wazi kulikuwa kifo, na kifo chenyewe kikawapata. Si kila siri ni woga.

Lakini ndugu msomaji, mwalimu wangu wa zamu si Hitler.

Nalazimika sasa kujipima mwenyewe, maana nyani haoni kundule. Ijumaa ile mwalimu wa zamu alituamuru tubaki kusafisha madarasa hadi saa kumi na moja na nusu, kwa kuwa kesho yake wazazi walikuwa wanakuja. Mdogo wangu anasoma chekechea. Jirani anayemchukua kila siku alikuwa amesafiri, na mlezi wa chekechea hufunga mlango saa kumi. Ilipofika saa tisa unusu niliweka ufagio chini, nikapita nyuma ya vyoo mahali ambapo ua wa kayaba una pengo, na miiba ikanichana mkono. Nilimkuta mdogo wangu ameketi kizingitini na mkoba wake magotini. Sijuti hata kidogo kwamba nilikwenda.

Lakini je, nilisema kwanza? Sikusema. Mwalimu alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale nilipokuwa. Kwa nini sikumwambia? Nikijibu kwa ukweli, nilidhani atanikatalia, na nikaona afadhali nisiulize kuliko kuulizwa. Je, nilifanya kwa wazi? Kayaba ndiyo shahidi. Je, nilikuwa tayari kulipa? Nilimdanganya nyanya ili nisilipe. Maswali matatu, nimeanguka yote matatu. Sikuwa "trotzen" ya nyumba katika dhoruba, wala "sich widersetzen" ya mtu aliyechagua pa kusimama. Nilikuwa "missachten" tupu. Nilikuwa na sababu nzuri na mwenendo mbaya.

Siku tuliyofanya zoezi lile nilirudi nyumbani nikamwambia nyanya, "Ile barua sikuisoma vizuri." Nikamwambia yote, hata la kayaba. Akasikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo kwa nyanya ni nadra. Kisha akauliza swali moja tu, "Ulimwambia mwalimu kuhusu mtoto?"

"La, nyanya."

"Basi alikuhukumu kwa alichokiona. Na mimi je, ulinihukumu kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake alifunga kibanda asubuhi nzima, akaja nami shuleni, akamweleza mwalimu kwa Kiswahili safi. Mwalimu, nami namheshimu kwa hilo, alisema kama angalijua angeliniruhusu tangu saa nane. Adhabu haikufutwa. Nililima kipande cha shamba la shule kwa siku tatu, na siku hizo niliona jembe si zito sana.

Sasa nitoe maoni yangu waziwazi, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Kwanza, nawaambia wanafunzi wenzangu: tusijipake rangi ya ushujaa tusiyostahili. Anayeruka ua kwenda kununua mandazi hajaukaidi udhalimu wowote, ameufuata tu uchu wake. Ukitaka kupinga amri, ipinge kwa kinywa, kwa heshima, mbele ya aliyeitoa, na ukubali matokeo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ni kweli, lakini hata mkuu naye anahitaji kusikia ili ajue analoamuru.

Pili, nawaomba walimu wetu, kwa unyenyekevu wote: mnapotuandikia wazazi, andikeni tendo, msiandike jina la tabia. Mkisema "aliondoka kabla ya usafi kwisha bila ruhusa," mzazi atauliza kwa nini, na mtoto itambidi ajibu. Mkisema tu neno moja kubwa, mzazi hana la kuuliza, na mtoto amekwisha kupewa sura ambayo huenda si yake. Kuna mwanafunzi aliyeuliza swali darasani kwa nia njema akaambiwa ni mkaidi, na tangu siku hiyo hajauliza tena. Kuuliza si kukaidi. Mjerumani hana kitenzi hata kimoja kati ya vile nilivyovitaja ambacho maana yake ni kuuliza.

Tatu, barua ziandikwe kwa Kiswahili pia. Kiswahili ni lugha ya taifa, na tangu Katiba ya mwaka wa 2010 ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Wako wazazi wengi kama nyanya yangu ambao wanasoma vizuri lakini si kwa Kiingereza. Tunapowaandikia kwa lugha wasiyoijua, tunampa mtoto ufunguo wa sanduku ambalo yeye ndiye mwizi wake. Chama chetu cha Kiswahili kina wanachama wa kutosha wa kusaidia kazi hiyo. Mimi nitakuwa wa kwanza kujitolea, na naahidi sitatafsiri barua inayonihusu mimi mwenyewe.

Watakaonipinga watasema Kiswahili nacho kina maneno mapana. Ni kweli, hata "kukataa" ni pana. Lakini tunayo mengi ya kuchagua: kukaidi, kuasi, kupinga, kugoma, kukiuka, kupuuza, kustahimili. Anayeandika kwa Kiswahili atalazimika kusimama kidogo na kujiuliza ni lipi hasa lililotendeka. Kusimama huko kidogo ndiko ninakokuomba. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na naongeza, kuliko kujikwaa kalamu.

Naiweka kalamu yangu chini. Mdogo wangu naye yuko chekechea mwaka wake wa mwisho, na jana alikataa katakata kula sukuma wiki. Nyanya akaniuliza, "Huyu naye kwa Kijerumani ni yupi?" Nikamwambia ni yule wa kwanza, wa kupiga miguu.